Sanduku moja, funguo tatu: shirika la vijana lisimame kwa miguu yake



Leo tuongee feza. Ile ya serikali tunaiongelea kila wiki, na tutarudi kwake. Leo tuongee feza ya mashirika yetu wenyewe, zile asbl ndogo ndogo ambazo sisi vijana tunazianzisha kwa makelele na tunazizika kimya kimya.

Tuseme mambo vile iko. Kwa kijana aliyemaliza chuo na hana kazi, asbl imekuwa njia ya kutafuta kazi. Watu watano wa promosyo moja wanakaa chini, wanatafuta jina lenye neno « amani » ao « maendeleo » ndani, wanaandika sheria za shirika, wanachongesha muhuri. Kisha wanangojea tangazo la mfadhili. Tangazo likisema wanawake, shirika ni la wanawake. Likisema mazingira, wiki hiyo wote wamekuwa watu wa miti. Raia wa mtaa wanazijua: wanasema ni mashirika ya mu malette, sababu ofisi, karatasi na muhuri, vyote vinaingia mu malette ya mtu mmoja.

Hatumcheki mtu. Njaa iko, na sisi pia diploma zetu zimelala kwenye kabati. Kutafuta kazi ni haki ya kila mtu. Lakini kutafuta kazi ni jambo moja, na kuendesha shirika ni jambo lingine. Mwenye kuvichanganya anaweza kukosa vyote viwili.

Mwaka 2025 ulitufundisha kwa fimbo. Tarehe 20 mwezi wa kwanza, rais mpya wa Marekani alisaini agizo la kusimamisha misaada ya inje kwa siku 90. Marekani njo ilikuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa kazi ya kibinadamu hapa kwetu. Wiki moja kisha, Goma ikaangukia mikononi mwa M23 na banki zikafunga milango. Tarehe 1 mwezi wa saba, USAID ikafungwa kabisa. Shirika ndogo ambalo lilikuwa na mkataba chini ya shirika kubwa, nalo chini ya lingine kubwa zaidi, likajikuta sawa robine ya chini wakati maji yamekatwa juu. Hakuna aliyekuja kuuliza kama kazi yake ilikuwa muzuri ao mubaya.

Na kuhusu ahadi, tuko nazo mingi. Mwaka 2016, kwenye mkutano wa Istanbul, wafadhili na mashirika makubwa walikubaliana kwamba, kufikia mwaka 2020, angalau 25% ya feza ya msaada itaenda kwa mashirika ya wenyeji, moja kwa moja ao kwa njia fupi. Mwaka 2020 ulifika, ukapita, na hesabu haikutimia. Kwa hiyo anayesema « tungojee, watatukumbuka » anajidanganya.

Tunajua jibu la wengi: « Watu wetu ni maskini, nani atachangia? » Tuangalie basi. Mtu akifa mu avenue, saa chache tu kuko daftari na karamu, kila nyumba inaandikwa jina na kiasi. Ndoa inakuwa na komite yake na mikutano yake. Likelemba inazunguka sokoni kila siku. Kanisa linajengwa kwa sadaka ya mama muuza makala. Watu wetu wanatoa. Wanatoa pale ambapo wanaona feza inaingia wapi na inatoka na nani. Umaskini uko kweli, lakini kinachofunga mfuko wa watu ni kukosa kutuamini. Na imani inajengwa.

Tena mwalimu yuko karibu. Mama zetu wako mu AVEC na mu MUSO, na wengi wao hawakusoma hata miaka mitatu ya shule. Mu AVEC, watu 15 mpaka 25 ao zaidi kidogo wanakutana kila wiki. Sanduku liko na makufuli matatu, na funguo tatu ziko kwa watu watatu ambao hawako mu komite. Sanduku linafunguliwa mbele ya wote, feza inahesabiwa kwa sauti, kila mtu anakumbuka kiasi kilichobaki. Mwisho wa mwaka wanagawana. Njia hii ilianzia Niger mwaka 1991 na shirika la CARE, leo iko mpaka vijijini kwetu.

MUSO nayo inatenganisha masanduku matatu: la kijani kwa mikopo, jekundu kwa kusaidiana siku ya shida, la bluu kwa feza inayotoka inje. Muangalie hilo la tatu muzuri. Mama hawa hawakatai feza ya inje. Wanaipokea, lakini wanaiweka kwenye sanduku lake, ili siku itakapokatika, la kijani na jekundu ziendelee. Mashirika mingi ya wenye lisanse hayana utaratibu huo.

Njo maana tunapendekeza kanuni moja kwa kila shirika la vijana: vile vinavyofanya shirika liishi vilipwe na wanachama, feza ya inje ije kupanua kazi. Chumba cha mkutano, karatasi, megabaiti na usafiri wa siku ya kazi viwe juu ya sanduku letu. Mfadhili akija, afanye kazi ya mtaa mmoja ifike mitaa minne. Akienda, tunarudi kwenye mtaa mmoja, lakini hatufi.

Tufanye hesabu, sababu bila hesabu haya ni maneno tu. Watu 40, kila mtu 1.000 franka kwa wiki, inafanya 40.000 kwa wiki. Wiki 52 ni 2.080.000 franka. Hiyo hailipi gari wala mshahara. Lakini kwa kikundi kilichojipa kazi ya kusafisha mifereji ya Kadutu mbele ya mvua ya mwezi wa tisa, inanunua majembe na mifuko, inalipa usafiri wa takataka, inabakisha akiba ya siku mbaya. Na nyumba inayokosa kubebwa na maji ni ripoti ambayo kila mtu anaweza kusoma.

Kuko swali lingine, na ni la haki: yule ambaye hana hata 1.000? Asifukuzwe. Siku yake ya kazi iandikwe mu daftari sawa na mchango, kwa kiasi ambacho mkutano umekubali. Tena anayetoka mbali kwa kazi ya shirika arudishiwe usafiri wake, bila haya. Shirika linalosema « sisi ni wa kujitolea » bila kurudisha hata feza ya moto linabaki na watoto wa wenye nacho peke yao.

Sheria pia haitukatazi kujitegemea. Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 mwezi wa saba 2001 inasema asbl haitafutie wanachama wake faida, lakini inaacha biashara kama kazi ya pembeni. Kwa hiyo kikundi kinaweza kukodisha viti vyake siku ya ndoa ao kuuza miche, mradi faida iingie kwenye kazi. Tena sheria hiyo inaomba waanzilishi waonyeshe feza itatoka wapi. Wengi wanajaza « michango ya wanachama, zawadi na misaada » kwa kuiga karatasi ya wengine, kisha ile ya kwanza haikusanywi hata siku moja.

Kwa hiyo, kwa vikundi vyote vinavyotusoma, tunaomba mambo haya:

1. Chagueni kazi moja ambayo raia wa mtaa anaweza kuitaja kwa maneno yake. Tangazo la mfadhili lisibadilishe jina la kazi yenu.

2. Anayeamuru feza itoke, anayeishika na anayeiandika wawe watu watatu tofauti, wasiwe wa nyumba moja. Prezida asibebe sanduku.

3. Feza ikipita kwenye simu ya mtu, ujumbe wa kuingia na wa kutoka utumwe kwenye grupu siku hiyo hiyo, pamoja na kiasi kilichokatwa wakati wa kutoa.

4. Kila mwezi, karatasi moja ibandikwe mlangoni: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Iwe kwa Kiswahili, ili mama wa mlango wa pili aweze kuuliza.

5. Mfadhili akikubali kazi lakini akikataa gharama za kuiendesha, mumuambie hesabu yote. Kama hasikii, kuweni na nguvu ya kusema hapana. Mwenye sanduku lake anaweza; asiye nalo atasaini kila kitu.

Sisi tunaomba serikali ituonyeshe bajeti, tunaomba meya atuambie feza ya soko inaenda wapi. Swali hilo likirudi kwetu, tuwe na daftari la kuonyesha. Mkutano wenu wa wiki hii, fungueni sanduku mbele ya wote, muhesabu kwa sauti. Kama halina kitu, semeni halina kitu, kisha kila mtu atoe chake cha kwanza.