Tuache Kusema "Ajali Haina Kinga": Mashine Hupandishwa kwa Mbao Ndefu, Si kwa Vifua vya Vijana

Ndugu zangu wakulima wa Mogitu, msimu wa kupukuchua mahindi ukifika, mashine hazitulii. Leo iko kwa huyu, kesho inapakiwa kwenye kirikuu kwenda kwa mwingine. Pawatila nazo hupanda Fuso kwenda Katesh kwa fundi. Katika kupakia huko vijana huvunjika miguu na kusagika vidole, nasi tunasema, "Ajali haina kinga."

Napinga kauli hiyo. Ajali ya kupakia ina kinga, tena rahisi. Asiye na kinga ni kijana aliyeitwa barabarani asukume kwa ujira mdogo, huku mwenye mashine amesimama pembeni akipiga kelele, "Twende, twende!"

Tufanye hesabu. Bodi ya gari ina kimo cha mita 1, na mashine ina kilo 400. Ukitumia mbao ya mita 1.5, mashine inavuta kurudi chini kwa uzito wa kilo 270 hivi. Ukitumia mbao ya mita 3, inavuta kwa kilo 130 hivi. Mashine ni ileile, vijana ni walewale. Kilichobadilika ni urefu wa mbao. Sasa mbao fupi ikivunjika, hiyo ni bahati mbaya?

Wengine watasema mbao nene ni ghali. Sawa, basi rudisha gari nyuma hadi kwenye kingo ya udongo iliyolingana na bodi. Hapa kwetu, chini ya Mlima Hanang, hatukosi miinuko. Na kikundi chenye uwezo wa kununua mashine hakishindwi kuchangia mbao mbili ngumu na kamba imara za kutumia wote.

Zingatia haya:

1. Mbao ziwe na urefu usiopungua mara tatu ya kimo cha bodi, zifungwe juu zisiteleze. Weka vigingi kwenye magurudumu ya gari.

2. Pawatila ipande kwa gia ndogo kabisa ya mbele, ishuke kwa gia ya nyuma. Usibadilishe gia katikati ya mbao, wala usiguse klachi za kukatia kona. Kwenye mteremko, ukibana ya kushoto mashine inaweza kwenda kulia na kukuangukia.

3. Asikae mtu nyuma ya mashine inayopanda, wala mbele ya inayoshuka. Mashine isiyojiendesha ivutwe kwa kamba kutoka juu.

4. Funga pembe nne, kwenye fremu, si kwenye mikono ya usukani. Weka vigingi kwenye magurudumu, funga koki ya mafuta. Simama baada ya kilomita chache ukaze kamba tena.

5. Hakuna abiria juu ya mzigo. Hata utingo.

Mtasema mmefanya hivi miaka yote. Muulizeni aliyevunjika mguu hiyo miaka yote ilimwachia nini. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, lakini fidia yake ni ya mfanyakazi mwenye mwajiri anayetambulika. Kibarua wa saa moja barabarani, ni nani atakayejitokeza kusema ndiye mwajiri wake? Akiumia, hospitali ni juu ya mama yake, na shamba lake halilimwi msimu huo.

Kwa hiyo nasema wazi: mwenye mashine asiye na mbao wala kamba asiipakie. Dereva akatae. Nanyi vijana, mkiambiwa mkae nyuma ya mashine msukume, kataeni. Anayewaita waoga aje akae yeye. Chuma kikipinda fundi wa Katesh atakinyoosha. Mguu wa mkulima hauna spea.