Sawa ya mchoraji wetu

Jumatatu ya tarehe 13 Mei 2024 nilimwita kijana wa watu mwongo. Neno lenyewe sikulitumia. Niliandika tu, "Hizo hadithi za mtandao tumezizoea, wewe leta kazi." Lakini sote wanane tuliokuwa kwenye lile kundi la WhatsApp tulijua nimesema nini.

Nianze mwanzo. Sisi wazazi wachache wa huku magharibi mwa Sydney, Blacktown na Auburn, huwa tunawakusanya watoto Jumamosi wajifunze Kiswahili. Watoto wanaelewa kila kitu, hasa ukiwaita kula, ila wanajibu kwa Kiingereza. Tukaamua kutengeneza kitabu cha picha cha kurasa 24, kiwe tayari tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani. Tukachanga. Mchoraji mmoja wa hapa tuliyemjaribu alituchorea nyumba ya nyasi na simba mlangoni. Mwanangu akauliza kama bibi yake wa Dar anaishi na simba. Basi tukatafuta mtu wa nyumbani, tukapata kijana wa Temeke anayejua daladala ikijaa inakuwaje na khanga inafungwaje, na dada mmoja wa Mombasa wa kupanga kurasa.

Kosa la kwanza lilikuwa la saa. Tulianza Machi, tukakubaliana kuzungumza kila Jumanne saa moja jioni yangu, ambayo kwake ni saa tano asubuhi. Tarehe 7 Aprili saa zetu huku zikarudi nyuma. Tofauti yetu na Afrika Mashariki ikawa saa saba badala ya nane, na mimi sikumwambia mtu, kwa kuwa simu yangu ilijibadilisha yenyewe usiku nikiwa nimelala. Jumanne iliyofuata mwenzangu kaingia saa tano yake kama kawaida, kasubiri, kaondoka. Mimi nikaingia kwake ikiwa saa sita mchana, nikakuta hayupo. Nikaandika ujumbe mkali kuhusu kuheshimu muda. Yeye akajibu, "Sawa mama, samahani." Dada wa Mombasa ndiye aliyenifungua macho, wiki mbili baadaye.

Hiyo "sawa mama" ndiyo iliyotuponza zaidi. Nilimwambia abadilishe rangi ya gauni, sawa mama. Shemeji akataka mti wa mwembe uwe mnazi, sawa aunti. Mwingine akaona mtoto anafanana mno na mtoto wa fulani, sawa. Watu wanane tulikuwa tukimwelekeza kwa sauti za dakika nne nne, nyingine zimerekodiwa ndani ya treni, na picha moja ilirudiwa hata mara tano. Nasi tulihesabu kila sawa kama sahihi kwenye mkataba. Kumbe mkataba wenyewe hatukuwa nao. Tulikubaliana bei tu, dola 20 kwa picha, nusu mwanzo na nusu mwisho.

Halafu ikaja hiyo Mei. Jumapili tarehe 12 mikongo miwili ya mawasiliano inayopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilikatika upande wa Afrika Kusini. Tanzania ilikuwa kati ya nchi zilizoumia sana, hata ubalozi wa Marekani Dar es Salaam ukafunga huduma kwa umma siku mbili. Kijana akanitumia ujumbe mfupi wa kawaida, ule wa kulipia: "Mama, intaneti imekatika nchi nzima. Nitatuma picha ikirudi." Nchi nzima! Nilicheka peke yangu jikoni. Wengi wetu tumejenga nyumba kwa simu, tumesikia fundi akisema saruji imeadimika mkoa mzima, kisha shangazi anapita pale na kukuta mifuko imejaa dukani. Sikio langu lilishaota sugu. Sikufungua hata habari kuangalia. Nikajibu kwenye WhatsApp, ambayo yeye hakuweza kuipata, mbele ya watu wote.

Alikuja kuyasoma maneno yangu Alhamisi, mtandao uliporudi kwa kusuasua. Akajitoa kwenye kundi. Kisha akaniandikia pembeni, "Habari. Picha 9 zilizobaki nitamaliza, hela mbaki nayo." Bila shikamoo. Miezi miwili na nusu hajawahi kuanza ujumbe bila shikamoo.

Nilimpigia simu ya kawaida, si ya mtandao, na kabla ya lolote nikamwomba radhi. Si rahisi kumwomba radhi mtoto anayekuita mama, ulimi unakuwa mzito. Alinyamaza kwanza, halafu akafunguka. Kila picha inamchukua siku mbili, na marekebisho yetu yanaongeza siku ya tatu. Bando ananunua mwenyewe. Kuna wateja wawili aliowakataa kwa ajili yetu. Mbona hukusema? "Mama, wewe mtu mzima, tena uko nje. Nitaanzaje?"

Kesho yake nilipiga hesabu ndani ya treni kati ya Parramatta na Blacktown, nikitoka zamu. Kima cha chini cha mshahara hapa wakati ule kilikuwa dola 23.23 kwa saa. Mimi niliyekuwa nikilalamika kwamba napangiwa zamu kwa ujumbe wa usiku, bila kuulizwa, nilikuwa nikimlipa mtu kwa siku tatu pesa isiyofika ya saa yangu moja. Najua maisha ya Temeke na ya Blacktown hayana bei moja. Hata hivyo sikufurahi.

Jumamosi wazazi tulikaa. Haikuwa rahisi, mmoja alisema bei ni bei. Mwishowe tuliongeza dola 15 kwa kila picha iliyobaki na fedha ya bando. Tukakubaliana msemaji awe mmoja, na maoni yote yapitie kwake, yaandikwe kwenye ujumbe mmoja unaosomeka, si sauti. Marekebisho mara mbili, ya tatu inalipiwa. Malipo kila picha nne zinapokamilika, yanaingia M-Pesa yake siku hiyohiyo. Na muda tunautaja kwa saa ya Dar, sisi ndio tufanye hesabu, maana ni sisi tunaochezea saa mara mbili kwa mwaka. Radhi nyingine niliiomba kundini, palepale nilipomvunjia heshima, akakubali kurudi.

Msemaji aliyechaguliwa si mimi. Naona walikuwa na busara.

Kitabu kilitoka kwa mchapaji siku tatu kabla ya sherehe. Ukurasa wa 17 mnazi umebaki mwembe, hakuna aliyethubutu kuomba tena.

Sasa tunapanga cha pili. Bei yake leo ni dola 45 kwa picha. Nilimpigia kumsalimu, na kwa mazoea nikajaribu kuomba apunguze kidogo, si unajua sisi ni familia. Akacheka. "Sawa mama," akasema. "Ila hiyo ni sawa ya nimesikia."