Ana cha Kuficha, na ni Haki Yake

Mwandishi aliyetetea usajili wa VPN, huduma inayoficha mawasiliano ya mtandaoni, anadai asiye na hatia hana cha kuficha. Aje kwetu Ngerengere. Mama anayemtumia mwanawe majibu ya kipimo chake mwenyewe kwa VPN ana cha kuficha, na Ibara ya 16 ya Katiba inamlinda.

Tangazo la Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) la Oktoba 2023 lilimtishia asiyesajili VPN kwa faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote. Na kama shabaha ni matapeli, tapeli wa “tuma kwa namba hii” wala hahitaji VPN: anatumia meseji ya kawaida, mara nyingi kwa laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole vya mtu mwingine! Afuatwe huyo, kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na kibali cha hakimu.