Kinyozi Kajinyoa, Kioo Kikafunikwa

Kinyozi hajinyoi, walisema wahenga. Wako waitumiao methali hiyo kudai kwamba shirika la ujasusi haliwezi kamwe kukaguliwa na mtu wake. Wako pia wasemao kwamba mkaguzi wa ndani atosha, raia na wakalale. Kazi ya John Helgerson yawasuta wote.

Helgerson aliingia CIA, shirika la ujasusi la Marekani, mwaka 1971, akapanda hadi kuwaongoza wachambuzi wake. Mwaka 2002 akawa Mkaguzi Mkuu, cheo ambacho kwa sheria ya 1989 hutolewa na Rais kwa idhini ya Seneti. Mtu aliyelelewa na nyumba hiyo alitazamiwa kufunika kombe mwanaharamu apite. Hakulifunika. Ripoti yake ya tarehe 7 Mei 2004 ilieleza jinsi mfungwa alivyotishwa kwa bastola na keekee ya umeme, na jinsi mwingine alivyomwagiwa maji usoni, pumzi zikamkatika, mara 183.

Basi kinyozi alijinyoa. Lakini nani aliachiwa kukitazama kioo? Mbinu zile zilisitishwa kwa muda mwaka huo huo, kisha zikarejeshwa. Mwaka 2005 shirika likaziangamiza kanda 92 za video. Mwaka 2007 mkurugenzi, Michael Hayden, akaamuru ofisi ya mkaguzi nayo ichunguzwe: mwizi kamshika mlinzi mkono! Sehemu kubwa ya ripoti ilitolewa hadharani Agosti 2009, Helgerson akiwa amekwisha kustaafu.

Watetezi wa usiri watasema kwamba dola haliwezi kuanika siri zake juani. Hoja hiyo ina uzito, ila yajibiwa na vitendo vyao wenyewe. Ripoti ilipotolewa, mistari mingi ilipakwa wino mweusi na mengine yakasomeka. Kilichowezekana 2009 kilishindikana vipi 2004? Wino mweusi haukuwa haba.

Wala jambo hili si la ng'ambo tu. Mvuvi mmoja Mtanzania alikamatwa Mogadishu mwaka 2003, akafungwa kwa siri Afghanistan, akaachiwa 2008 bila ya kushtakiwa kwa lolote. Mwaka 2015 yeye na wenziwe waliwashtaki wanasaikolojia wawili waliozibuni mbinu zile. Shauri likamalizwa kwa maafikiano Agosti 2017. Ripoti ilipotiwa saini, yeye alikuwa gizani, na maneno ambayo yangaliweza kumsemea yalikuwa gizani vilevile.

Wapenzi wa ushairi wajua kwamba utungo usiosomwa haujakamilika, hata vina vikilingana. Sheria impayo mkaguzi kalamu ikamnyima wasomaji imempa nusu ya kazi. Wanaodai ukaguzi wa ujasusi, popote walipo, wasiulize tu nani atateuliwa. Waulize ripoti itasomwa na nani, na baada ya siku ngapi.