Goma: pesa inaingia kwenye simu, lakini kuitoa ni bei gani?

Mwaka 2025 ulipoelekea mwisho, benki za Goma zilikuwa bado zimefungwa toka AFC/M23 ilipouteka mji mwishoni mwa mwezi wa kwanza wa mwaka huo. Bukavu ilifuata mwezi wa pili. Mwezi wa nne, AFC/M23 ilifungua upya CADECO mjini Goma, lakini kwa kuwa haikuunganishwa na benki nyingine za nchi, haikuweza kuwarudishia wakaaji akiba walizoziacha huko. Wenye uwezo walivuka mpaka hadi Gisenyi, nchini Rwanda, kutafuta noti. Walio wengi walibaki na simu: M-Pesa, Airtel Money na Orange Money.

Ukitazama haraka, utasema simu imeshinda benki. Mshahara wa mfanyakazi wa shirika unaingia, msaada wa ndugu aliye Kinshasa au Ulaya unaingia. Shida inaanza siku ya kuitoa.

Ajenti ndiye benki

Ajenti wa kabini ana mifuko miwili: pesa ya kwenye simu na noti mkononi. Anayeweka pesa anamletea noti, anayetoa anazichukua. Wakati wa kawaida, noti zikimwishia, ajenti anabadilisha pesa yake ya simu kupitia benki na kurudi na noti. Benki zikifungwa, njia hiyo inakatika. Hapo noti anazozitoa ni zile tu alizoletewa na wateja au alizozitafuta sokoni.

Lakini Goma wanaotoa walikuwa wengi kuliko wanaoweka. Noti zikawa adimu, nyingine zilichakaa hadi wafanyabiashara wakazikataa, na bei ya kuzipata ikapanda. Bei hiyo ndiyo komisyo ambayo wakaaji waliilalamikia.

Tufanye hesabu ya mfano. Mtu anapokea dola 100 kila mwezi na kuzitoa zote, ajenti anakata dola 4. Kwa mwezi inaonekana ndogo. Kwa mwaka ni dola 48, karibu nusu ya mshahara wa mwezi mmoja.

Somo kwa wafanyabiashara

Vijana wengi wa Goma na Bukavu wanatengeneza programu za simu za kuuza bidhaa na kulipisha. Hali hii inawafundisha kwamba mteja hanunui programu. Ananunua uhakika kwamba pesa yake itafika na itatumika. Programu nzuri isiyo na njia ya kutokea ni kama duka zuri lisilo na barabara.

Mwenye duka naye anaweza kupunguza hasara. Akipokea malipo kwa simu, kisha akamlipa kwa simu yule anayemuuzia mali kwa jumla, pesa inazunguka bila kupitia kwa ajenti. Aulize kwanza makato ya kutuma, kisha ayalinganishe na komisyo ya kutoa. Mnyororo huu unakatika pale muuzaji mmoja anaposema: mimi nataka noti tu. Kwa hiyo faida inakuja wafanyabiashara wakikubaliana, si mmoja akijaribu peke yake.

Akiba ya nyumbani

Wengi wetu tumezoea kuamini kwamba dola haipotezi. Mwezi wa kenda na wa kumi mwaka 2025, franka ya Congo ilipanda thamani kwa haraka. Aliyeweka akiba yote kwa dola aliona kila dola inampa franka chache kuliko zamani, huku bei za sokoni hazikushuka kwa mwendo huo. Kwa hiyo, pesa ya chakula na pango unayolipa kwa franka, iweke kwa franka. Deni la dola, liwekee dola.

Kuficha noti nyumbani nako ni hatari, tukijua wizi wa silaha usiku katika mitaa yetu. Hapa vikundi vya AVEC vina hekima ambayo wengi hawaioni. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu tofauti, lakini ulinzi mkubwa ni mwingine: siku ya mkutano, sehemu kubwa ya pesa inakopeshwa palepale. Inalala kwenye biashara ya unga au ya makala ya mwanachama, si sandukuni. Hatari yake ni deni lisilolipwa, ndiyo maana wanachama wanapaswa kujuana vizuri.

Kabla ya kuweka pesa popote, iwe kwenye simu, kikundi au biashara ya rafiki anayeahidi faida ya haraka, uliza maswali matatu. Nani anaishika? Nikitaka kuitoa kesho, itapita wapi? Na kuitoa kutanigharimu kiasi gani? Wakaaji wengi wa Goma waliuliza swali la pili wakati milango ilikuwa tayari imefungwa.