Subira ya Mwenye Mikarafuu

Wengi wetu, tukiusiwa subira, hudhani kuwa ni kukaa kitako na kungojea kudura, na kwa dhana hiyo huihesabu kuwa sifa ya wanyonge. Lakini atakaye kuijua kwa hakika yake na ende Pemba, akamtazame mwenye shamba la mikarafuu.

Mche wa mkarafuu hutaka kivuli na maji tangu ungali mchanga, wala hauanzi kuzaa ila baada ya miaka 6 au 7, na kukamilika kwake huenda kukahitaji miaka 20. Kisha ukisalimika, waweza kumzika aliyeupanda na mwanawe pia. Mzee mwenye mvi apandaye leo aghalabu awapandia warithi, naye analijua hilo, na juu ya hayo huamka kila asubuhi akaipalilia miche yake. Na msimu ufikapo kazi ndiyo kwanza huzidi, maana karafuu ni tumba la ua: likichumwa kabla ya wakati wake huwa dogo, likiachwa likachanua thamani imekwisha potea, na mwenye pupa avunjaye matawi ili amalize upesi huudhuru mti kwa miaka ijayo. Baada ya kuchambuliwa na kutengwa na makonyo, huanikwa majamvini siku 4 au 5 za jua zuri, na wenyewe hawaondoi macho yao mawinguni.

Subira hiyo ilitakiwa hata baada ya maafa: mwezi wa Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja ikaangamiza sehemu kubwa ya mikarafuu yake, na ikabidi kupandwa upya. Walakini insafu hainiruhusu kunyamaza kuwa mingi ya mikono iliyopanda zama hizo ilikuwa ya watumwa, kwani utumwa wenyewe haukubatilishwa kwa sheria Zanzibar ila mwaka 1897. Na uvumilivu wa aliyeshurutishwa mimi siwezi kuuita subira.

Ndiyo maana huniudhi kusikia mtu aliyesimama dirishani tangu alfajiri akitafuta haki yake, au mkulima aliyekwisha kupimiwa mazao yake, akiambiwa na yule yule anayemchelewesha kwamba avute subira. Mwenye kuchelewesha hana idhini ya kuusia. Mkulima amekwisha kuungojea mti, akalingojea na jua. Karafuu zake zikishafika mizanini, alipwe siku ile ile.