Namba ya tarakimu milioni 41 na SMS ya ‘ile hela tuma kwenye namba hii’

Oktoba 2024, Luke Durant wa San Jose, Marekani, alitangazwa kuwa amepata namba tasa kubwa kuliko zote zilizokuwa zinajulikana. Ina tarakimu 41,024,320. Ukitaka kumtumia mtu namba hiyo kwa SMS za herufi 160, zinahitajika SMS 256,402 kamili. Bando gani hilo?

Mkulima wa pamba wa Igunga anayesubiri malipo yake yaingie kwenye simu, inamhusu nini?

Tukumbushane kwanza. Namba tasa haigawanyiki bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe. Magunia 12 ya choroko unayapanga mistari mitatu ya manne manne. Ya 13 yanakugomea, unabaki na mstari mmoja mrefu.

Ya Durant inatokana na 2 iliyozidishwa yenyewe mara 136,279,841, kisha ukatoa 1. Namba tasa za mtindo huu zinaitwa za Mersenne, jina la mtawa Mfaransa wa karne ya 17. Wawindaji wanazipenda kwa sababu zina kipimo chake maalumu, kompyuta haihangaiki kujaribu kigawanyo kimoja kimoja. Ila zinadanganya: ukizidisha 2 mara 11 ukatoa 1 unapata 2,047. Unaweza kuapa ni tasa, kumbe ni 23 mara 89.

Sasa, dude hilo la Durant halilindi hela ya mtu. Ni kubwa mno, halafu kila mtu analijua. Zinazofanya kazi ni ndogo na za siri. Kwenye njia ya RSA, iliyobuniwa 1977 na bado inatumika kwenye tovuti na programu nyingi za simu, kompyuta huchukua namba tasa mbili za tarakimu 300 na kitu, ikazizidisha na kutangaza jibu tu. Kuzidisha ni dakika sifuri. Kurudi nyuma ndiyo balaa: mwaka 2020 watafiti walivunja namba ya tarakimu 250, kazi ambayo prosesa moja ingeifanya kwa miaka kama 2,700. Inayotumika sana leo ina tarakimu 617.

Ndiyo maana mwizi hagusi hesabu. Anatuma “ile hela tuma kwenye namba hii”, au anapiga akijifanya huduma kwa wateja na kuomba PIN. PIN ya tarakimu nne ina michanganyiko 10,000 tu, kinachoiokoa ni huduma kufungwa ukikosea mara chache. Na mwenye kiswaswadu, anayebonyeza nyota na reli, hana hata hizo namba tasa kati yake na benki. Anategemea mtandao wa simu na PIN yake.

Kampuni zinapotangaza “mfumo wetu ni salama”, kwa maoni yangu zinasema nusu ya habari. Kufuli ni imara kweli, ila tapeli anabisha hodi na wewe unamfungulia. SMS yake itume kwenda 15040 ya TCRA kabla hujaifuta.